Aliyemsalimia Simba kwa Kihehe

Katika miaka niliyoendesha lori la mchele kati ya Chimala na Iringa nimepakia watu wa kila aina kwenye kiti cha mbele. Mapadri, walimu waliohamishwa, wajawazito, askari mmoja aliyelia kutoka Makambako mpaka Mafinga bila kusema kilichomliza. Nyuso zao zimenitoka. Aliyebaki, mpaka sauti ya pumzi zake, ni mama mmoja wa Kihehe ambaye watu wa Iringa walimwita Mama Eksirei, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga picha za mifupa hospitalini. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini akiwa hai sikuwahi kulitumia, na sioni sababu ya kuanza leo. Ukoo wake sikuuliza. Nyumba yake ilikuwa Tosamaganga, upande unaotazama bonde, na hilo lilinitosha.

Mara ya kwanza alinisimamisha Chimala, karibu na mashine za kukoboa mpunga. Alikuwa amevaa koti la mvua siku isiyo na mvua, na begi jeusi amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Begi tupa huko nyuma, mama, juu ya magunia," nikamwambia.

"Begi hili halikai nyuma. Kama mbele halina nafasi, na mimi sina."

Nikampa nafasi. Nilidhani amebeba dawa. Njia nzima alizungumza: bei ya mbolea, ugonjwa wa viazi, namna mapadri wa zamani walivyopanda mikaratusi ikamaliza maji. Tulipopita Makambako akakatisha maneno yake katikati na kuniomba nisimame. Nikafikiri anataka kujisaidia, nikaegesha na kutazama upande mwingine kwa adabu. Nilipogeuka alikuwa kando ya barabara, kamera usoni, lenzi ndefu kama chupa ya chai, imeelekea kwenye nyasi. Juu ya bua moja alikuwa ndege mweusi, mdogo, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Upepo ukija, mkia unamvuta nyuma, naye anang'ang'ania bua lile kama abiria aliyekosa kiti.

Alirudi uso umemlainika.

"Napita hapa mwaka wa sita," nikasema. "Ndege huyu sijawahi kumwona."

"Yeye kakuona miaka yote sita," akajibu, akafunga mkanda.

Tangu siku hiyo alikuwa na namba yangu ya simu. Kila alipopata likizo, na baadaye alipostaafu, alinipigia: "Dereva, unashuka lini Usangu?" Nami, ambaye ratiba yangu ilikuwa ya tajiri mwenye lori na si ya kwangu, nilijikuta napanga safari nikizingatia ndege.

Alikuwa na maneno yake. Niliyasikia kwanza hospitalini, mlango wa lori uliponibana mkono. Aliulaza mkono wangu juu ya meza baridi, akaugeuza kwa vidole viwili, akarudi nyuma ya ukuta na kusema kwa sauti ya mtu anayebembeleza usingizi: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike." Baadaye, tukiwa tumejificha nyuma ya kichuguu tukimngoja ndege atoke kwenye matete, nilimsikia akijinong'oneza maneno yale yale, moja moja, na kidole chake kikashuka kwenye kitufe bila sehemu nyingine yoyote ya mwili kusogea. Alinieleza kwamba kazi zile mbili ni moja. Mgonjwa anaogopa, mnyama anaogopa. Ukiwa na haraka, wote wawili watatoka na ukungu pichani.

Alisema pia: "Haraka ni ya barabara, usiiingize porini." Na mvua ikitunyeshea akasema: "Tunalowa sisi, wenyewe wanaoga."

Lakini watu hakuwapiga picha. Harusi, ubatizo, kipaimara, wote walijua ana kamera nzuri na wote walimwomba, naye aliwakatalia kwa jibu moja: "Watu nimeshawapiga wa kutosha. Nimewapiga mpaka ndani." Ndugu zake walichukia. Dada yake mmoja hakumsemesha karibu mwaka mzima kwa sababu ya harusi ya binti yake. Mama Eksirei alihudhuria, alicheza, alikula, na muda wote wa sherehe kamera ilikuwa imefungiwa nyumbani kabatini.

Kamera ya kwanza aliipata Italia. Akiwa kijana kazini alipelekwa huko mwaka mmoja kujifunza mashine mpya, katika mji mdogo chini ya milima. Hadithi za huko hazikumwisha, usiku wala mchana, hasa tukipanda mlima wenye foleni ya malori. Baridi ilimuumiza meno. Jioni alikuwa akikaa dirishani kwenye chumba chake cha bweni, na chini yake kulikuwa na mapipa ya taka. Wiki ya tatu akamwona mbweha. Alikuwa mwekundu kama udongo wa Ifunda, mkia umefura, anatembea juu ya theluji bila kutoa sauti yoyote. Akasimama, akamtazama, akaendelea na mapipa yake.

"Nikajiona si mgeni tena," alisema. "Tulikuwa wawili tunaotafuta chakula mahali pa watu."

Jumamosi iliyofuata akaenda sokoni akanunua kamera iliyokwishatumika. Akampiga picha mbweha. Akapiga kindi wa bustanini, bata wa mtoni, na mbuzi mwitu wa milimani wenye pembe zilizojikunja, ambao aliwafuata kwa miguu siku nzima na mtawa mmoja mwenye nguvu za ajabu. Wazungu walimcheka. Mfanyakazi mwenzake akamuuliza inakuwaje mtu atoke Afrika, kwenye simba na tembo, aje kuhangaika na kindi. Hakumjibu. Jibu lilikuwa la aibu: alikuwa na miaka thelathini na tatu, amezaliwa na kukulia Iringa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Ruaha, na simba alikuwa hajawahi kumwona kwa macho yake.

Alimwona huko huko Italia. Walimpeleka kwenye bustani ya wanyama. Simba alikuwa dume mzee, amelala nyuma ya kioo kinene, na watoto wanagonga kioo kwa viganja. Mama Eksirei akangoja mpaka watoto walipoondoka, akasogea, akainama kidogo kama mtu anavyomwinamia mkubwa wake, akasema: "Kamwene."

"Kwa Kihehe?" nikamuuliza.

"Ningemsalimia kwa lugha gani? Hakuna mtu mwingine mji ule ambaye angeweza kumsalimia hivyo."

"Akafanya nini?"

"Akafungua jicho moja. Akaniangalia. Akalifunga."

Mwenzake alipomuuliza amemwambia nini mnyama yule, alisema amemsalimia jirani. Alicheka wakati akinisimulia, kisha akatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu, kwenye misonobari ya Sao Hill inayopita na kupita bila mwisho.

Aliporudi nchini aliapa kumwona simba kwao. Safari yake ya kwanza Ruaha alikwenda na kwaya ya parokia, iliyokuwa imekodi basi kwa siku moja. Kwaya ni kwaya. Iliimba tangu Iringa, ikaimba langoni, ikaimba ndani ya hifadhi. Mama Eksirei akasimama katikati ya basi akawaomba wanyamaze ili wanyama wasikimbie. Mwalimu wa kwaya akamjibu kwamba wanyama nao wameumbwa na Mungu na wanapenda nyimbo zake. Wakabishana mbele ya watu wote. Akakaa amekasirika, akawapiga picha kanga waliokuwa wakikimbia mbele ya basi, kundi baada ya kundi, kwa hasira tu.

Karibu na mto basi likasimama. Simba jike walikuwa wanavuka barabara, mmoja baada ya mwingine, bila kuligeukia basi. Nyuma yao watoto watatu, wa mwisho akisimama kila baada ya hatua mbili kunusa kivuli chake. Wimbo ulikufa wenyewe, sauti ya tatu kwanza, kisha ya kwanza, na besi mmoja aliyekuwa amefumba macho akaendelea peke yake mpaka alipoguswa bega. Mama Eksirei akainua kamera, na mkanda wa picha ukawa umekwisha.

"Ulijuta?" nikamuuliza.

"Hapana. Kanga walitoka vizuri sana."

Mimi naye tulikuwa na mahali petu, chini ya Chimala, mashamba ya mpunga yanapokwisha na majani ya bonde la Usangu yanapoanza. Nilikuwa nikifika jioni kupakia, nalala ndani ya lori, na alfajiri namkuta keshatoka nyumba ya wageni anatembea juu ya tuta. Saa kumi na mbili ukungu umelala juu ya maji, na huoni mwisho wa shamba wala mwanzo wa mbingu. Unasikia kwanza. Sauti nzito, ya mbali, kama mtu anayepuliza ndani ya mtungi. Kisha ukungu unapasuka kidogo na korongo wenye mataji wanaonekana, wawili, kumi, thelathini, wamesimama kwenye maji yenye rangi ya maziwa na chai. Wanainamiana. Mmoja anaruka juu, mabawa wazi, anashuka taratibu utadhani hana uzito, mwingine naye anaruka. Wanacheza hivyo bila ngoma. Mataji ya dhahabu yanashika jua kabla sisi hatujalipata.

Siku ya kwanza nilisimama pale na mswaki mdomoni, povu likanikauka kidevuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na kazi yangu ilikuwa imenipitisha kando ya jambo lile mamia ya asubuhi. Nilihisi kitu kama huzuni, ila kilikuwa kitamu. Yeye alinipa kamera niangalie kupitia lenzi, na nikaona jicho la korongo mmoja, la bluu hafifu, na ndani ya jicho lile mstari mwembamba wa tuta, na juu ya tuta vitu viwili vidogo vyeusi. Tulikuwa sisi.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika wa viumbe. Mbwa aliwaogopa vibaya; mbwa koko wa kilo tano alitosha kumfanya apande juu ya magunia yangu akiwa na miaka sitini. Panya aliwategea mitego na kuwahesabu asubuhi kwa furaha. Kitimoto, nyama ya nguruwe, aliila kwa mikono yote miwili, na tukipita Ifunda bila kusimama alinuna. Porini alikuwa mkimya kama jiwe, ndani ya lori hakufunga mdomo. Alinifundisha kusubiri, na kwenye foleni ya benki alikuwa wa kwanza kugombana na karani. Nilipomwambia hayo alisema: "Subira yangu ni chache. Nimeamua niitumie wapi."

Na siku moja subira ile na macho yale vilimpoteza.

Kule Usangu tulikuwa na wenyeji. Walikuwa familia ya Kisukuma iliyohama kutoka kaskazini na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, mzee mmoja aitwaye Maduhu na mkewe, Mama Limi. Walilima mpunga kidogo, walifuga sana. Mama Eksirei alilala kwao mara kadhaa, akanywa maziwa yao, akawapelekea chumvi na sabuni kutoka mjini. Kiangazi kimoja kikali, mto ulipokatika na kubaki vidimbwi, Mzee Maduhu alimchukua kwa miguu mpaka kwenye dimbwi ambalo viboko wa eneo lote walikuwa wamejazana. Alikaa pale siku mbili. Alirudi na picha ambayo mpaka leo sijaona ya kuilinganisha nayo: kiboko amepanua kinywa, vumbi la jioni limekuwa dhahabu, na migongo ya wenzake nyuma yake kama mawe yanayopumua.

Picha hiyo akaituma kwa mpwa wake kwenye simu. Mpwa akaiweka kwenye kundi la ukoo. Kutoka kundi la ukoo ikaenda la parokia, kutoka la parokia ikaenda ambako hakuna ajuaye. Watu waliisifu. Kisha ikafika kwa mtu aliyeitazama kwa macho mengine. Nyuma kabisa ya kiboko, ndani ya lile vumbi, alikuwa ng'ombe. Dume mweupe mwenye baka jeusi shingoni, na alama ya chuma pajani, inasomeka ukiikuza. Mahali pale ni pa hifadhi, ng'ombe hawakuruhusiwa.

Nilizisikia habari Chimala, nikingoja kupakia. Walikwenda watu na magari, wakaswaga kundi la Mzee Maduhu, na familia ikaamriwa kuhamisha boma. Baadhi ya ng'ombe walirudishwa. Wanane hawakurudi. Jioni ile nilimpigia simu Mama Eksirei nikamweleza nilichosikia.

"Picha hiyo ninayo hapa ukutani," akasema. "Ngoja."

Nikamsikia anatembea. Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha sauti yake, ndogo: "Ni kweli. Yupo. Mwezi mzima namtazama kiboko, sikumwona ng'ombe."

Hakutoka tena msimu ule. Nilipopita Tosamaganga kumsalimia nilimkuta anapalilia maharage, na kamera haikutajwa. Korongo walikuja wakaondoka. Miezi ikapita. Halafu asubuhi moja akanipigia, bila salamu.

"Dereva, nataka unipeleke kwa Maduhu. Ukiogopa, sema, nitapanda basi."

Niliogopa, lakini nilimpeleka. Boma jipya lilikuwa mbali zaidi, kwenye ardhi kavu yenye miiba. Mama Limi alikuwa anapepeta mchele nje. Alituona tangu mbali, na hakusimama.

"Mwangaluka," Mama Eksirei akasalimu kwa Kisukuma alichojifunza kwao.

"Mwangaluka," Mama Limi akaitikia, akaendelea kupepeta.

Mzee alikuwa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta. Mama Eksirei hakukaribishwa kiti. Akasimama juani, mikono mbele.

"Nimekuja kusema kwamba ile picha ni yangu," akasema.

"Tunajua," mzee akajibu. "Nani mwingine huku ana kamera?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikusubiri uje mwenyewe," mzee akasema. "Tumesubiri sana."

Mama Eksirei akaanza kueleza: mpwa, simu, makundi, namna ambavyo hakujua. Mzee akainua kiganja, naye akanyamaza.

"Sikukasirika kwa sababu ya simu," Mzee Maduhu akasema polepole. "Simu ni upepo. Nina swali moja, na nimelala nalo tangu siku ile. Umekuja kwangu mara ngapi? Umepiga ndege. Umepiga kenge. Umepiga kinyonga wa mke wangu, mpaka amechoka kubadilika rangi. Ng'ombe wangu wamepita mbele yako asubuhi na jioni, na hata mara moja hukuinua hicho chombo. Ng'ombe si mnyama?"

Mama Eksirei akasimama pale, jasho linamtiririka kwenye mashavu, au labda halikuwa jasho. Akasema: "Nionyeshe, baba."

Mzee akachukua fimbo yake.

Mchana ule wote sikupakia mchele. Niliwafuata kwenye zizi nikitazama. Mzee Maduhu alikuwa akimwita ng'ombe kwa jina, ng'ombe anageuza kichwa, naye anaanza: huyu mama yake alivuka mto akiwa na mimba yake, huyu alizaliwa usiku wa mvua kubwa, huyu bibi yake ndiye aliyetolewa mahari ya Mama Limi. Mama Eksirei alipiga magoti kwenye samadi. Nikamsikia akinong'ona maneno yake ya hospitali. Alimpiga kila mmoja peke yake, jicho, pembe, pua yenye unyevu, kwa uangalifu ule ule aliompa chui mara moja ya pekee aliyowahi kumwona. Walipofika mahali ambapo wale wanane wangekuwepo, mzee alitaja majina yao pia, na kwa kila jina alingoja kidogo. Yeye naye akangoja, kamera imeshuka.

Jua lilipoanza kulala Mama Limi akaja, amejifunga kitenge kipya, akasimama kando ya ng'ombe wa mwisho, mkono juu ya mgongo wake.

"Na mimi," akasema.

Nikamtazama Mama Eksirei. Nilizijua harusi zote alizozikataa. Aliinua kamera bila kusita.

Picha zile nilizipeleka mwenyewe wiki tatu baadaye, zimefunikwa plastiki zisiingie maji. Mzee Maduhu alizipanga chini kwenye ngozi kama karata, akazitazama mpaka chai yangu ikapoa. Hakusema amesamehe, na sikusikia kwamba aliwahi kusema. Lakini aliniuliza: "Huyo mama yako, anakuja lini kuona ndama?" Mama Eksirei alikwenda. Aliendelea kwenda kila kiangazi mpaka goti lake lilipokataa. Na toka siku ile, kabla ya kumpelekea mtu yeyote picha yoyote, aliikuza na kuikagua pembe kwa pembe kama alivyokuwa akikagua mbavu za wagonjwa.

Alifariki baada ya kurudishwa kwao Iringa, masika ya mwaka uliofuata ule aliovunjika nyonga. Nilikuwa Tunduma, nikafika kaburi limeshafunikwa. Kwa hiyo siwezi kusimulia mazishi. Naweza kusimulia mara ya mwisho nilipomwona, na hiyo ilikuwa Iyunga, Mbeya.

Mpwa wake anakaa Iyunga, nyumba inayopakana na barabara kuu, naye ndiye aliyemchukua amuuguze alipovunjika nyonga. Nilidhani nitamkuta amekonda kwa huzuni: mwanamke wa mabonde na vilima, amewekwa kwenye kiti barazani, mbele yake malori yanatifua moshi kutwa. Niliegesha lori ng'ambo ya barabara, limejaa na turubai limefungwa, nikavuka na kilo tano za mchele mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea kushoto, umenizibia."

Nikasogea. Alikuwa na kamera mapajani, magongo yameegemezwa ukutani. Mbele yetu, juu ya nguzo ya umeme, kulikuwa na kiota kikubwa, na kunguru wawili, wale weusi wenye kifua cheupe kama wamevaa fulana.

Akanionyesha picha zake za miezi miwili. Kunguru anaiba andazi kwenye beseni la muuza maandazi. Kunguru anabeba kipande cha waya. Kunguru ananyeshewa mvua, amepandisha manyoya, ana sura ya mtu anayedaiwa kodi. Kunguru dume akimlisha jike mdomo kwa mdomo, na nyuma yao, kwenye ukungu wa asubuhi, mlima mzima wa Mbeya. Ndege ambao maisha yangu yote nimewatupia mawe walikuwa wazuri kama kitu kilichotoka ndotoni.

"Ruaha sitafika tena," akasema, bila kuugua. "Nililia siku mbili za kwanza. Siku ya tatu huyu jike akaja na waya, akashindwa kuukunja. Akajaribu mpaka saa sita. Nikasahau kulia."

Mafundi wa umeme walikuja mara moja kutaka kukiondoa kiota. Aliwaita mpaka barazani, akawaonyesha picha za makinda matatu yamepanua vinywa, akawaomba wiki mbili. Wakampa. Makinda mawili yalikuwa yameshaondoka. La tatu lilikuwa limebaki, linasimama ukingoni, linatikisa mabawa, linaogopa.

"Ni leo au kesho," akasema. "Kaa."

"Mama, nina mzigo wa Tunduma."

"Basi nenda."

Sikwenda. Nikavuta kigoda. Jua likapanda, gari zikapita, mpwa akatuletea chai. Kinda likainama mbele, likarudi. Likainama tena, na mara hii likateleza. Halikuruka; lilianguka likipigapiga mabawa, likavuka barabara kwa kubahatisha juu ya basi lililokuwa likipita, likatua kwenye turubai la lori langu. Likakaa pale, miguu imetanuka, linahema.

Kunguru wakubwa wakaanza kulia juu ya nguzo. Mama Eksirei alikuwa amekwishaegemeza viwiko kwenye ukuta wa baraza, kamera usoni. Nilimsikia akipumua, kisha sikumsikia.

Simu yangu ikaita. Tajiri.

"Umefika wapi?"

"Niko Iyunga, bosi."

"Mpaka sasa? Lori lina nini?"

"Lori ni zima. Kuna abiria amekaa juu ya turubai, siwezi kuondoka naye."

"Abiria gani tena?"

"Anajifunza kuruka," nikasema.

Nikaizima simu nikaiweka mfukoni. Tukakaa hivyo, mama na mimi, labda saa nzima, labda zaidi. Kinda lilitembea juu ya turubai kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Lilidonoa kamba. Lilimtazama mama yake kule juu, likatazama chini kwenye lami, likatazama mlima. Kisha, bila kuonyesha kwamba limeamua, likanyanyuka. Lilipita juu ya mapaa ya bati, likayumba, likajinyoosha, likaendelea kupungua mpaka likawa doa, na doa likaingia kwenye ukungu wa mlimani.

Nilisimama nikamuaga. Hakunisikia. Kamera ilikuwa imeshuka mapajani, na macho yake yalikuwa bado kule juu, yakilisindikiza. Nikavuka barabara polepole, nikafungua mlango wa lori bila kuubamiza, nikakaa nikimtazama kupitia dirishani mpaka alipopepesa macho, ndipo nikawasha injini.